Hesabu ya Vitanda: Uhasama wa Wasichana wa Bweni katika Sinema ya Notre-Dame du Nil

Sinema ya Notre-Dame du Nil, yaani Bikira Maria wa Mto Nile, iliyoongozwa na Atiq Rahimi na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Toronto mwaka 2019, imetokana na riwaya ya jina hilo hilo iliyoandikwa kwa Kifaransa na Scholastique Mukasonga wa Rwanda. Riwaya ilipata tuzo ya Renaudot mwaka 2012. Sinema nayo ilitunukiwa Dubu wa Kioo na jopo la vijana katika tamasha la Berlin la mwaka 2020. Kazi yenye sifa kama hizo huelekea kupongezwa tu na kuachwa. Makala haya yanashikilia kwamba inastahili pia kubishiwa, na kwamba hoja za kuibishia zinapatikana karibu: katika Wilaya ya zamani ya Kajiado, ambayo leo ni Kaunti, nchini Kenya, ambako bweni la wasichana limebeba maana isiyofanana na ile ya Rwanda.

Kisa kinatokea mwaka 1973, katika shule ya wasichana inayoendeshwa na watawa wa Kikatoliki juu ya mlima, karibu na chemchemi inayosadikiwa kuwa chanzo cha Nile. Wanaosoma humo ni binti za wakubwa wa nchi, pamoja na wasichana wachache wa Kitutsi wanaopokewa kwa mgao. Gloriosa, binti wa kigogo wa chama, ndiye mwenye sauti bwenini. Modesta, ambaye mama yake ni Mtutsi, anaishi kwa kumridhisha. Virginia na Veronica ni wa mgao. Nje ya ua wa shule yuko Fontenaille, mlowezi mkongwe anayeigizwa na Pascal Greggory, ambaye amejitungia ndoto kwamba Watutsi ni uzao wa mafarao, na ambaye humchora Veronica kana kwamba ni mungu wa kike wa Misri.

Kiini cha mgogoro ni pua. Gloriosa anaamua kwamba sanamu ya Bikira Maria, iliyopakwa rangi nyeusi, ina pua ya Kitutsi, na kwamba lazima ivunjwe ipachikwe nyingine. Yeye na Modesta wanarudi shuleni wamechafuka matope, na ili kuficha walilolitenda wanadai kuwa wameshambuliwa na majambazi wa Kitutsi. Uongo huo wa watoto wawili unapokewa na watu wazima kwa furaha, kwa sababu walikuwa wakiungoja. Kuanzia hapo hauna tena mwenyewe. Unakua, unatafuta silaha, na hatimaye unamwaga damu. Hii ndiyo sehemu bora ya sinema nzima. Mtazamaji anaonyeshwa kwa utaratibu jinsi husuda ya bwenini inavyogeuzwa kuwa amri ya dola, bila mhusika yeyote kulazimika kuhutubia.

Dosari inaanzia kwenye fani. Rahimi, ambaye yeye mwenyewe ni mwandishi na mkimbizi kutoka Afghanistan, amekigawa kisa katika sura ambazo majina yake yanatoka kwenye ibada: kutoka utoto usio na hatia mpaka kafara. Mpiga picha Thierry Arbogast ameufanya ukungu wa mlimani kuwa karibu mhusika. Wasichana wanapigana kwa mito ya kulalia, manyoya yanaelea polepole hewani, na jicho linaburudika. Uzuri huu si wa bure, kwani unamfanya mtazamaji aone haya baadaye kwa kuburudika kwake. Hata hivyo una gharama. Mauaji yakiitwa kafara, muuaji anapata heshima ya kuhani na chuki inapata sura ya jambo la kale lisiloelezeka. Mtazamaji asiyeijua historia ya Rwanda atatoka akinong'ona kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo haikosei, lakini mhakiki hana budi kuuliza nguo yenyewe ilishonwa na nani.

Jibu la swali hilo limo katika hesabu. Wabelgiji ndio walioandikisha kabila katika vitambulisho miaka ya 1930, na serikali zilizofuata uhuru wa mwaka 1962 ziliurithi uandikishaji huo zikaufanya kipimo cha nafasi za masomo, Watutsi wakitengewa takriban asilimia 10. Mapema mwaka 1973 orodha za majina zilibandikwa katika shule na vyuo, na waliotajwa wakafukuzwa. Mukasonga, aliyezaliwa mwaka 1956 na kusoma katika Lycée Notre-Dame de Cîteaux mjini Kigali, alikimbilia Burundi mwaka huo huo. Kwa hiyo Gloriosa hamchukii Virginia kwa sababu wasichana wana kawaida ya kuchukiana. Anamchukia kwa sababu amefundishwa kuhesabu: kitanda anacholalia Virginia ni kitanda ambacho, kwa hesabu ya baba yake, kimeibwa. Riwaya inalishika jambo hili kwa kejeli kavu. Sinema inaligusa, kisha inaliacha lizame katika ukungu.

Hoja hii hupata nguvu ikipimwa Kajiado. Mjini humo iko shule ya msingi ya bweni ya wasichana ya kanisa la Africa Inland Church, iliyoanzishwa mwaka 1959. Chini ya mwalimu mkuu Priscilla Nangurai ilijulikana mbali kwa kuwapokea wasichana wa Kimaasai waliokimbia kuozwa na kukeketwa, na shirika la waelimishaji wanawake wa Afrika, FAWE, likaifanya mojawapo ya shule zake za mfano. Huko lango linalofungwa jioni ni ngao. Katika sinema ya Rahimi lango hilo hilo ni mtego. Sinema ya Kenya iliyo jirani zaidi na habari hii, Saikati ya Anne Mungai ya mwaka 1992, inashika upande wa ngao: binti wa Kimaasai anataka masomo, wazee wanataka aolewe na mwana wa chifu, naye anatorokea Nairobi ambako anakuta mtego mwingine. Kwa Mungai shule ni kile kilichonyimwa, na kwa hiyo haikaguliwi kwa ndani. Kwa Rahimi shule inakaguliwa kwa ndani tu, na walioachwa nje hawaonekani. Kila mmoja anakosa alichonacho mwenziwe.

Safari fupi kwa barabara ya Namanga kutoka Kajiado kurudi Nairobi inampitisha mtu Kitengela, na hapo hesabu inabadilika tena. Malisho ya pamoja ya Kitengela yaligawanywa kwa hati za mtu mmoja mmoja kuanzia mwaka 1988, yakauzwa vipande vipande, na mji ukaota juu yake. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu zaidi ya milioni 1.1 katika Kaunti ya Kajiado. Yamkini basi katika darasa moja binti wa aliyeuza akaketi dawati moja na binti wa aliyenunua, mmoja akilipiwa karo kwa thamani ya ardhi ambayo mwenziwe anaiita kwao. Uhasama wa wawili hawa haungehitaji sanamu wala farao. Ungehitaji mtunzi anayejua kwamba ugomvi juu ya kitanda cha juu na cha chini unaweza kuwa ugomvi juu ya ekari. Mwishoni mwa mwaka 2022 Wizara ya Elimu ya Kenya ilipotangaza nia ya kuondoa bweni katika madarasa ya chini, mjadala ulikuwa huo huo kwa sauti ya kiofisi: kitanda ni cha nani, na anayenyang'anywa atalala wapi.

Suala la lugha haliwezi kuachwa katika jarida la lugha. Ndani ya sinema Kifaransa ni lugha ya amri na ya sala, na Kinyarwanda ni lugha ya siri na ya utani. Wasichana wanapohama kutoka moja hadi nyingine mtazamaji hujua nani anaogopwa, hata bila maandishi ya tafsiri. Riwaya inakwenda mbali zaidi, kwani katika shule hiyo Kiswahili kimepigwa marufuku kwa kuwa kinahesabiwa lugha ya Waislamu. Msomaji wa Kiswahili anapofika hapo anajikuta naye hana kitanda. Shule za Kenya hazina haki ya kucheka: Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza mwaka 1986 jinsi mtoto aliyenaswa akisema lugha ya mama alivyovishwa kibao shingoni, na jinsi watoto walivyofundishwa kusalitiana kwa kukipokezana. Huo nao ni uhasama wa shule uliotengenezwa na uongozi, kisha ukaitwa tabia ya watoto.

Kwa jumla, Notre-Dame du Nil ni sinema yenye nguvu ambayo uzuri wake unaidhulumu hoja yake. Inafaa ifundishwe, lakini pamoja na riwaya ya Mukasonga inayorudisha hesabu mahali pake, na pamoja na Saikati inayowakumbuka walioko nje ya lango. Na mtunzi wa Kenya atakayetaka kuandika mchezo wa bweni la Kajiado au Kitengela atafaidika zaidi akianza na daftari la usajili: nani ameandikishwa, kwa mgao upi, kwa karo ya nani, na jina la nani limefutwa.