Umeme wa Kichwani: Kilichopimwa na Kinachouzwa

Mkazi wa Mweiga, Kenya, aliyepooza mkono kwa kiharusi akiambiwa kuna kifaa cha betri kinachorudisha wepesi wa vidole na papo hapo kushusha homoni za msongo, aulize kwanza majaribio yalifanywaje, kwa maana ahadi hizo mbili hazikuzaliwa nyumba moja. Ya vidole ilianzia Göttingen, Ujerumani. Mwaka 2000 Michael Nitsche na Walter Paulus walifunga kichwani sifongo zilizoloweshwa maji ya chumvi, wakapitisha umeme wa miliampea 1 kwa dakika chache, kisha wakapiga ubongo kwa sumaku ili wapime mkono unavyoshtuka. Mshtuko uliongezeka kwa hadi asilimia 40 hivi. Huo ni msisimko tu, bado si ustadi. Ustadi ulipimwa na Janine Reis na wenzake katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009: watu wenye afya walibana kifaa kwa gumba na kidole cha shahada ili kusogeza alama kwenye skrini, siku 5 mfululizo, kundi moja likipitishiwa umeme kichwani dakika 20 kwa siku. Kundi jingine lilipewa umeme wa danganya toto, unaowashwa hadi ngozi isisimke kisha ukazimwa kimyakimya. Wakati wa zoezi lenyewe makundi hayakupishana sana; pengo lilijitokeza kati ya siku moja na nyingine, na baada ya miezi 3 lilikuwa bado lipo. Kwa hiyo lililofundisha ni zoezi. Umeme ulisaidia somo likae, na asiyefanya zoezi hana somo la kukalisha.

Wapo wanaopinga wakisema umeme huo haufiki ubongoni, na hoja yao ina uzito: vipimo vya maiti vilivyochapishwa mwaka 2018 vilionyesha takriban robo tatu ya mkondo hupotelea kwenye ngozi na fuvu. Lakini mbinu hii haikukusudiwa kulazimisha seli zifyatuke. Huzisogeza kidogo tu karibu na kufyatuka, na ule mshtuko wa mkono kule Göttingen haukutoka hewani. Pingamizi linaloniuma zaidi ni kwamba vidole vilivyopimwa vilikuwa vya watu wazima wa afya, na kwa wagonjwa wa kiharusi matokeo yamekuwa yakipishana.

Kuhusu kotisoli, homoni ya msongo, Andre Brunoni na wenzake waliripoti mwaka 2013 kuwa ilishuka kwenye mate ya watu waliotazama picha za kuamsha hisia mbaya huku wakipitishiwa umeme. Ila umeme huo ulielekezwa sehemu ya mbele ya ubongo, upande wa kushoto, wala si eneo linaloongoza mkono kama katika majaribio ya vidole. Anayeunganisha matokeo hayo mawili anashona vitambaa vya nguo tofauti. Tena kotisoli hupanda muda mfupi baada ya mtu kuamka, kisha hushuka kutwa. Mkulima aliyeamka saa kumi alfajiri kukama ng'ombe na karani aliyeamka saa moja, wakitemea kichupani saa mbili asubuhi, watatofautiana hata kama hakuna aliyewagusa kichwa. Jaribio kama hilo likifanywa Mweiga lingelazimika kuhesabu saa tangu kila mmoja aamke, na kuchukua mate kabla ya chai.