Gesi Haiishi, Hutoroka

Kipupwe cha Nairobi hakina theluji, lakini kina namna yake ya kupenya mifupani. Hapa Spring Valley, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Julai huweza kupita siku nyingi mfululizo jua likiwa limefichwa na mawingu, na usiku joto likashuka hadi nyuzi 10 au 11. Nyumba za zamani za mawe zilijengwa zikiwa na meko sebuleni na dohani juu ya paa la vigae, na bado zipo familia zinazokoka kuni za mkaratusi kila jioni. Wengine wana hita ya umeme. Katika nyumba mpya, na zile zilizokarabatiwa, utakuta kiyoyozi ukutani, na watu wengi hushangaa wakiambiwa kwamba mtambo uleule unaowapoza Februari unaweza kuwapasha joto Julai.

Ndani ya kisanduku cha nje cha mitambo ya aina hiyo mna valvu inayogeuza mkondo wa gesi. Siku za jua kali, gesi hubeba joto la chumbani na kulitupa nje. Valvu ikigeuka, gesi huchota joto kwenye hewa ya nje, hata iwe ya nyuzi 10, na kulimwaga ndani. Kwa kuwa mtambo unahamisha tu joto ambalo tayari lipo, uniti moja ya umeme huweza kuleta uniti tatu au zaidi za joto. Hita ya kawaida haiwezi kupita moja. Baridi ya hapa, ambayo haifiki kwenye barafu, ni kazi nyepesi kwa mtambo kama huo, mradi mabomba yake yamefungwa barabara.

Hapo ndipo anapoingia fundi. Nawaheshimu sana mafundi hawa, hasa wasio na haraka ya kufungua mtungi. Mwenye nyumba huwaita akisema kiyoyozi kimeishiwa gesi, kiongezwe. Lakini gesi hii si kama ile ya kupikia, inayotumika mpaka mtungi ukabaki mtupu. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa, na ingetakiwa ibaki ileile muda wote wa maisha ya mtambo. Anayeongeza na kwenda zake atarudi mwakani kuongeza tena, na atalipwa tena. Fundi mmoja nilimsikia akimweleza mwenye nyumba, karibu na Barabara ya Lower Kabete: "Mama, gesi haikuisha. Imetoroka, na lazima tujue imepitia wapi."

Alianza kwa kutazama. Gesi huzunguka pamoja na mafuta kidogo ya kompresa, na inapopenya kwenye tundu huyaacha mafuta nyuma. Vumbi hunasa hapo, na baada ya miezi kunabaki doa jeusi lenye utelezi. Alipitisha kidole gumba chini ya nati moja ya kisanduku cha nje, akakisugua kwenye kidole cha shahada, kisha akampisha kijana anayemfundisha kazi. Kijana naye akagusa palepale. Ndipo wakapaka povu la sabuni, na viputo vikaanza kukua polepole ukingoni mwa nati.

Gesi iliyobaki hawakuiachia hewani. Waliivuta kwa mashine hadi kwenye mtungi uliokaa juu ya mizani. Kilo moja ya R410A, gesi iliyokuwa kwenye mtambo ule, ikitoroka, huongeza joto la dunia sawa na zaidi ya kilo 2,000 za kabonidayoksaidi. Kilomita chache kutoka hapo, Gigiri, iko Sekretarieti ya Ozoni, inayohudumia Itifaki ya Montreal ya 1987, ile iliyoongezewa makubaliano ya Kigali mwaka 2016 ili kupunguza gesi za namna hii. Ningependa wajumbe wa mikutano yake wamwone kijana yule akisubiri mizani itulie.

Mdomo wa bomba ulikuwa na ufa mwembamba kama uzi. Fundi alikata kipande kile kwa kisu cha gurudumu, akizungusha na kukaza kidogokidogo ili shaba isibonyee. Akainamisha bomba mdomo ukiangalia chini, akalikwangua ndani, vumbi la shaba likaanguka nje badala ya kuingia ndani na kuisafiria kompresa. Akavisha nati, akatanua mdomo, akauchunguza kwa tochi, hakuridhika, akaukata tena. Mara ya pili ukingo ulitoka laini pande zote. Tone la mafuta, spana mbili zikivutana, basi.

Kisha wakajaza naitrojeni kavu hadi presha ya paundi 300 kwa inchi ya mraba na kuiacha. Jaribio hili linataka akili ya mahali. Asubuhi ya nyuzi 12 ikigeuka mchana wa nyuzi 24, presha hupanda paundi kama 13 hata kama hakuna kilichoongezwa. Jioni baridi ikirudi, itashuka vilevile. Asiyejua ataiona ikishuka na kwenda kutafuta tundu lisilokuwapo. Yule fundi aliandika presha na joto la hewa pamoja kwenye kipande cha boksi, akaenda kusafisha vichujio vya vyumba vingine.

Baadaye ikaja pampu ya kunyonya hewa, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Unyevu ukibaki kwenye mabomba huchanganyika na mafuta, hutengeneza asidi, na asidi hula kompresa kwa ndani. Pampu huutoa kwa kushusha presha mpaka maji yachemke bila moto: ikifika milimita 10 za zebaki, maji ya nyuzi 11 yanachemka na kutoka yakiwa mvuke. Geji ya mshale haitoshi kuifuatilia kazi hii. Mombasa, penye usawa wa bahari, mshale hushuka karibu na inchi 30 za zebaki. Nairobi, ambako hewa ni nyepesi, hugota kwenye 24 na kidogo hata pampu iwe mpya. Fundi aliyehamia huku kutoka pwani anaweza kuilaumu pampu bure. Kwa hiyo walitumia geji ya dijitali, wakashuka chini ya maikroni 500 za zebaki, wakafunga valvu na kuzima pampu ili waone kama namba itapanda. Ilipanda kidogo, ikasimama.

Mwenye nyumba aliuliza mbona hawafanyi chochote. Fundi akajibu kwa adabu kwamba hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Gesi iliingizwa kwa uzito ulioandikwa kwenye kibandiko cha mtambo, ikiongezwa gramu za urefu wa ziada wa bomba. Chumba cha pili kilikuwa na kiyoyozi cha zamani cha R22, gesi inayoharibu ozoni na ambayo nchi zinazoendelea zimepewa hadi 2030 kuiacha karibu yote. Mama alitaka kiwekewe gesi mpya ya R32 ili kiende na wakati. Fundi alikataa. R32 hufanya kazi kwa presha kubwa zaidi, inahitaji mafuta ya aina nyingine na inaweza kushika moto. Mtambo wa kale haukuundwa kwa ajili yake. Alimshauri akitumie kilivyo, na kikifa anunue kipya chenye kompresa ya inveta, kinachopasha joto na kupoza. Alikuwa anajinyima malipo ya siku hiyo, na alilisema hilo bila kusita.

Mwisho alitoa kalamu ya wino usiofutika, akaandika ndani ya kifuniko cha kisanduku cha nje tarehe, aina ya gesi, gramu alizoweka na nati aliyobadilisha, kwa herufi kubwa ambazo fundi mwingine yeyote ataweza kusoma.