Tambi za Mkono

Aliyezoea kusukuma chapati ana nusu ya ufundi wa tambi tayari mkononi. Nusu iliyobaki ni subira, na hiyo haiuzwi dukani.

Matsangoni tuko kando ya barabara ya Kilifi kwenda Malindi, na wapo wenzetu wengi ambao riziki yao imetoka kwenye majiko ya Waitaliano, Watamu na Malindi. Wageni hao hawakuja jana. Miaka ya 1960 walisimamisha kituo cha kurushia setilaiti baharini pale Ngomeni, na tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ikaruka moja iliyopewa jina la Uhuru. Setilaiti ile ilikwisha kazi zamani. Tambi zimebaki.

Ila ninazozisifu si za hotelini, wala si zile za pakiti. Ni za kukandwa nyumbani, yai moja kwa gramu 100 za unga wa ngano. Mayai ya kuku wa kienyeji ni madogo, basi penye manne huenda likahitajika la tano. Lakini wakati wa masika, hewa ikijaa unyevu, ushike unga kwanza ndipo uamue. Mwanzoni donge huwa gumu, linapasukapasuka, na mtu hushawishika kutia maji. Asitie. Akande tu, asukume kwa kiganja, akunje, asukume tena, dakika kumi hivi, mpaka akilibonyeza kwa kidole lile shimo lijifute lenyewe. Kisha alifunike bakuli, alipumzishe nusu saa. Donge lisilopumzishwa ni bishi: ukilitandaza, linajirudi.

Kibao ni kile kile cha chapati. Tofauti ni kwamba chapati unaiachia mapema, tambi unaendelea kuzisukuma mpaka uone kivuli cha vidole vyako upande wa pili. Nyunyiza unga, kunja, kata kwa kisu chembamba, zitikise ziachane. Kwenye maji yanayotokota ni dakika mbili tatu tu.

Kababu za kuzisindikiza tambi hizo hazihitaji mwalimu kutoka ng'ambo. Nyama ya kima, thumu, dania, pilipili manga, yai, na boflo lililolowekwa kwenye maziwa likakamuliwa. Boflo ndilo linaloifanya nusu kilo itoshe nyumba nzima, na ndilo linaloipa kababu ulaini. Ya nyama tupu huwa ngumu kama kokoto. Lowesha viganja, viringa bila kukaza, kaanga juu juu, halafu ziivie ndani ya mchuzi wa nyanya.

Wengine humalizia kwa kijiko cha tui zito. Mpishi wa hoteli atanuna, na hotelini kwake ana haki. Huku sinia ni letu. Watoto huvutana tambi na kuhesabiana kababu, na bibi, baada ya kula na kusifu sana, huuliza kama sima ipo.