Kauli ya Kutendwa katika Picha ya Siagi ya Antoine Vollon

Antoine Vollon alizaliwa Lyon, Ufaransa, mwaka 1833, na akafariki Paris mwaka 1900. Zama zake alisifika sana. Leo wamtajao ni wachache. Picha yake ya bonge la siagi, iliyochorwa kwa rangi za mafuta baina ya mwaka 1875 na 1885, imehifadhiwa katika Jumba la Taifa la Sanaa huko Washington, Marekani.

Wafaransa huiita sanaa ya namna hii *nature morte*, yaani maumbile yaliyokufa. Mhakiki akilifuata jina hilo, ataona vitu tu: bonge kubwa la siagi, kitambaa chepesi, kisu na mayai mawili. Hoja yetu ni kwamba jina hilo linapotosha, na sarufi ya Kiswahili yaweza kutuonyesha kosa lilipo.

Tukitazame kitambaa. Je, kimefunuka au kimefunuliwa? Kauli ya kutendeka haidai mtenda. Kauli ya kutendwa humdai hata asipotajwa. Katika picha hii kitambaa kimefunuliwa, kisu kimedungwa ndani ya siagi, na bonge lenyewe limefinyangwa. Hapana kilichotokea chenyewe. Mtu alikuwapo, naye ameondoka punde hivi.

Fani inaitilia nguvu dhamira hii. Vollon hakuilainisha rangi yake. Ameipaka nzito, kwa mikupuo mipana, hata alama za brashi zikafanana na alama za kisu juu ya siagi. Kazi ya mchoraji na kazi ya mtengeneza siagi zimekuwa kazi moja.

Hapa ndipo sifa na lawama zinapokutana. Kwa kuufananisha mkono wake na mkono wa mfanyakazi, Vollon ameiheshimu kazi ya jikoni. Lakini pia amekikalia kiti chake. Tunalijua jina la aliyepaka rangi; la aliyesukasuka maziwa hatulijui, wala picha haituhimizi kuliuliza.

Basi tunapounda istilahi za uhakiki wa sanaa, tusitafsiri kifo ambacho hakimo. “Picha ya vitu” yatosha, mradi mhakiki asisahau kuuliza: vitu hivi vimetendwa na nani?