Jiwe na Nuru: Uhakiki wa Taa za Mawe

Taa ni chombo chenye maisha mawili. Mchana ni pambo la kutazamwa. Usiku ni nuru ya kutazamia mengine. Kwa hiyo mhakiki wa taa iliyotengenezwa kwa jiwe hana budi kuitazama mara mbili, ikiwa imezimwa na ikiwa imewashwa, kisha ajiulize: je, jiwe na nuru vinahitajiana, au vimekutanishwa tu?

Mfano bora watoka Misri. Katika kaburi la Tutankhamun, lililogunduliwa na Howard Carter mwaka 1922, ilipatikana taa ya mafuta iliyochongwa kwa jiwe jeupe ambalo wengi huliita alabasta. Fundi alitia kikombe chembamba ndani ya kingine, na juu ya kile cha ndani, upande wake wa nje, akachora picha. Taa ikizimwa, picha haionekani; ikiwashwa, mfalme na mkewe hujitokeza ndani ya jiwe. Fundi huyo aliyeishi zaidi ya miaka 3,300 iliyopita alijua kwamba jiwe lake likichongwa likawa jembamba hupitisha nuru, naye akaifanya tabia hiyo kuwa ndiyo sanaa yenyewe.

Tulinganishe na taa za chumvi ya mawe kutoka Khewra, nchini Pakistan. Bonge la fuwele za rangi ya waridi hutobolewa chini na balbu kutiwa ndani. Nuru hupenya, nayo hugeuka rangi ya machungwa yenye kupendeza. Lakini sehemu kubwa ya uzuri huo ni ya maumbile. Mkono wa fundi haukuongeza mengi. Tena wapo wauzaji wanaodai kwamba taa hizo husafisha hewa, dai lisilothibitishwa. Chumvi huvuta unyevu: katika hewa ya Mombasa taa hiyo huweza kuloa na kutiririka. Sifa ya kubuni haiwezi kuifunika tabia ya jiwe.

Na sisi je? Huko Tabaka, katika nchi ya Wakisii, huchimbwa mawe ya sabuni, meupe, ya waridi na ya kijivu. Ni laini kiasi cha kuchongwa kwa kisu. Kisha husuguliwa kwa msasa na maji mpaka yang'ae. Vibakuli, mbao za bao na vinara vya mishumaa vya huko vinajulikana mbali. Lakini tazama taa yenye umbo la tembo aliyebebeshwa balbu kichwani. Izime: tembo ni tembo. Iwashe: tembo ni yule yule, na balbu ni balbu. Hapo jiwe na nuru ni wapangaji wawili wa nyumba moja wasiosalimiana.

Kosa si la jiwe. Ni kweli kwamba jiwe la Tabaka likiwa nene halipitishi nuru; lakini huchongeka, nalo hukubali kutobolewa matundu mengi bila kuvunjika, mradi mkono uwe mstadi. Kinara chenye matundu ya nakshi huitupa nuru ukutani, na nakshi ile ndogo ikawa kubwa kuijaza nyumba. Kisichopenya jiweni hupita penye matundu. Huo ndio ufumbuzi unaotokana na jiwe lenyewe.

Wapo watakaosema kwamba mchongaji hula kwa tembo, maana ndiye mgeni amtakaye. Hoja hiyo ina uzito, wala hatuna haki ya kumlaumu mtu anayetafuta riziki katika kazi ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Lakini tukimwachia mgeni peke yake kazi ya kuchagua, atatuchagulia pia utamaduni. Mwalimu na mwanafunzi nao wajifunze kuchagua. Watakapoiona taa ya jiwe, wasiulize kwanza bei yake wala inafanana na mnyama gani. Waombe iwashwe.