Mgongo wa Bhagat Puran Singh

Heko kwa Bhagat Puran Singh, Kalasinga aliyeuonyesha utu kwa vitendo. Mwaka 1934, huko Lahore, mtoto mlemavu alitelekezwa kwenye hekalu alimokuwa akihudumu. Akamchukua, akampa jina Piara, yaani mpendwa, akambeba mgongoni kwa miaka 14. India ilipogawanywa mwaka 1947, alikimbilia naye Amritsar, upande wa India. Huko akaanzisha Pingalwara, makao ya wagonjwa na walemavu wasio na jamaa, akiwaombea chakula mitaani bila kuona haya. Serikali ilimtunuku nishani ya Padma Shri. Mwaka 1984 akairudisha, kupinga jeshi la India kuvamia Hekalu la Dhahabu, hekalu takatifu la Makalasinga. Alifariki mwaka 1992, lakini Pingalwara ingali inawapokea waliotupwa. Wema hauozi.