Fundi wa Kazi Moja

Ukitazama picha za zamani za Stoke-on-Trent, mji wa wafinyanzi katikati ya Uingereza, jicho hukamatwa kwanza na moshi. Matanuri yake ya matofali, yenye umbo la chupa, yalipanda juu hadi mita 20 hivi, na zama za neema yalikaribia 2,000, nyumba za wafanyakazi zikiwa zimebanwa katikati yake. Watu walichapisha kadi za posta za moshi ule na kuwatumia ndugu. Leo yamebaki chini ya 50. Sheria ya hewa safi ya mwaka 1956, pamoja na matanuri ya gesi na umeme, iliyazima moja baada ya jingine. Mwaka 1978, huko Longton, sehemu ya mji huo, liliwashwa moja kwa mara ya mwisho, wakati wazee walioijua kazi ile wangali hai.

Mimi moshi haunishiki sana. Naangalia shingo za watu.

Kuna picha inayojirudia katika makusanyo ya mji ule, ukiwamo wa E. J. D. Warrillow, mpiga picha wa gazeti la pale, unaohifadhiwa Chuo Kikuu cha Keele. Ni picha ya wanaume ndani ya tanuri lililopoa, wakilipanga. Vyombo havikuchomwa vikiwa wazi. Vilitiwa kwanza ndani ya makasha ya udongo mzito ili masizi na ndimi za moto visiviguse. Tanuri la kawaida lilimeza makasha 2,000 hivi, na yote yaliingia yakiwa vichwani mwa watu, namna ile ile mama zetu wanavyojitwika mtungi, kata ya kitambaa ikiwa imejificha chini ya kofia. Mtu anapanda ngazi na mzigo ule. Mgongo umenyooka, kidevu kimeinuka kidogo, macho yanatazama mbele wala si miguuni. Juu atalipachika kasha lake kwenye nguzo ya makasha mengine, likae sawa juu ya mkate mwembamba wa udongo unaoziba mwanya. Nguzo ikienda upande, kazi ya watu wengi inavunjika. Tena hakupanga ovyo ovyo: alijua pembe ipi ya tanuri ina moto mkali na ipi ina moto wa pole, na chombo gani kinastahimili upi.

Mlango ukishajengewa matofali, mambo yote yalibaki mikononi mwa mzee wa moto. Kwa siku mbili tatu alilizunguka tanuri usiku na mchana, akichungulia matunduni, akiusoma moto kwa rangi yake, akiamua mdomo upi uongezwe makaa ya mawe na upi uachwe. Kabla ya vipimo vya kisasa, kipimo kilikuwa jicho lake. Akisinzia, jasho la kiwanda kizima limepotea.

Watu wengi humpa heshima ya ufundi yule tu anayeanza na bonge la udongo na kumaliza na chungu kizima. Josiah Wedgwood, mfinyanzi wa mji ule, alipofungua kiwanda chake cha Etruria mwaka 1769, aliipasua kazi hiyo vipande vipande: huyu wa kuchanganya udongo, yule wa gurudumu, mwingine wa kubandika vishikio, mwingine wa kupaka rangi. Wapo wanaosema hapo ndipo ufundi ulipokufa. Sikubaliani nao hata kidogo, na ushahidi wangu ni picha hizi.

Mtazame mwanamke anayehamisha nakshi. Mchoro umechongwa kwenye bamba la shaba, ukapigwa chapa kwa rangi ya moto juu ya karatasi nyororo sana. Msichana mwanagenzi anaikata ile karatasi kwa mkasi, na mwanamke mwenyewe anailaza juu ya sahani. Sahani ina mkunjo na ukingo, karatasi ni bapa. Aikunje wapi ili ua lisipasuke? Aanzie wapi ili mwisho wa mzabibu ukutane na mwanzo wake? Halafu anaisugua kwa brashi ngumu yenye sabuni, kwa nguvu za bega zima, na karatasi huoshwa kwa maji, nakshi ikabaki. Kazi hii ingali inafanywa Burslem, sehemu nyingine ya mji huo, katika kiwanda cha Middleport kilichojengwa mwaka 1888. Kuijua vizuri huchukua miaka. Mara nyingi pichani uso wake umetulia na mikono imekuwa ukungu, kwa sababu kamera za siku zile zilikuwa nzito za kuona, nayo mikono haikumsubiri mpiga picha.

Gharama ya ufundi huu ilikuwa kubwa, na anayeusifu bila kuitaja anawadhulumu walioulipia. Charles Shaw, aliyesimulia utoto wake katika kitabu cha mwaka 1903, aliingia kiwandani akiwa na miaka saba, kazi yake kukimbiza kalibu kwenye chumba cha joto cha kukaushia. Madini ya risasi yaliyokuwamo kwenye maji ya kung'arishia yaliwapooza viganja wale waliochovya vyombo. Vumbi la jiwe la gumegume liliwajaa wengine mapafuni. Tena kwa muda mrefu katika karne ya 19 wafanyakazi wengi walilipwa kwa vyombo vilivyotoka salama tanurini tu. Chombo kikipasuka humo kwa kosa la mwingine, hasara ilikuwa ya aliyekifinyanga.

Maelezo chini ya picha hutaja kiwanda, pengine na mwaka. Majina ya watu ni nadra. Lakini wao wenyewe waliacha alama. Mchoraji na mpaka dhahabu aliyelipwa kwa idadi alitia chini ya chombo nukta, herufi au namba yake, ili hesabu yake isichanganyike na ya jirani. Vyombo vyeupe vya viwanda vya Uingereza na Uholanzi vilifika kwa wingi Zanzibar na pwani yetu katika karne ya 19, na huenda vingine vingali kabatini mwa bibi yako. Ukikuta sahani ya namna hiyo, igeuze. Muhuri mkubwa ni wa mwenye kiwanda. Tafuta kando yake mkwaruzo mdogo wa brashi, mara nyingi wa rangi ile ile iliyo kwenye ua: huo ndio wa fundi.